Mhusika wako ni wa meza nzima, muandike hivyo

Haya jamani, habari za saa hizi. Naona wengine bado mnatafuta viti, kaeni tu, tunaendelea. Nimeombwa niongee kuhusu kutengeneza wahusika wa magemu ya mezani, haya ya kuigiza, ya dadu na karatasi na gemu masta, na hasa ile njia ya kumuandika mhusika kwa maelezo mafupi kwanza halafu namba ndo zifuate. Wale ambao hamjawahi kucheza msiogope, iko hivi: mnakaa watu wanne watano, mmoja ndo gemu masta, anaendesha dunia, wengine kila mtu na mhusika wake, unasema wangu anafanya hivi, na pale ambapo haijulikani kama atafanikiwa mnarusha dadu. Basi. Mengine yote ni mbwembwe juu ya hapo.

Nianze na namba maana ndo mlikozoea wengi. Dungeons & Dragons ilipotoka mwaka 1974, ile ya Gary Gygax na Dave Arneson, mhusika alikuwa anazaliwa na dadu. Unarusha dadu tatu za kawaida, unajumlisha, unaandika, mara sita: nguvu, akili, busara, uimara wa mwili, wepesi, mvuto. Namba ni kati ya 3 na 18, na kuipata 18 ni bahati ya moja kati ya 216, kwa hiyo mtu akiipata anasimama juu ya kiti. Baada ya hapo ndo unajiuliza huyu mtu ni nani. Miaka mitatu baadaye ikaja Traveller, hiyo huwa inanichekesha, mhusika unamrushia dadu za miaka yake yote ya kazi kabla gemu haijaanza, na kwenye lile toleo la 1977 anaweza akafa hukohuko kwenye kutengenezwa, unaanza upya huku wenzako wanakusubiri.

Mi sina ugomvi na namba, na kuna raha yake kupewa mhusika usiyemtegemea, ulitaka mchawi dadu zikakupa jitu la miraba minne lisilojua kusoma, unalipokea unaenda nalo. Ila namba sita zinasema mhusika anaweza nini na kwa kiasi gani. Hazisemi anataka nini, anamkwepa nani, wala yule aliyekaa upande wa pili wa meza ashike wapi ili aweze kucheza na wewe. Hapo ndo nataka tukae leo. Maelezo ya mhusika, yale mafupi, hayaandikwi kwa ajili ya mwenye mhusika, wewe unamjua tayari, yanaandikwa kwa ajili ya wale wengine mezani, na ukiandika huku unawafikiria wao karibu kila kosa linaloharibu maelezo linajiondoa lenyewe.

Mwaka 1992 Jonathan Tweet alitoa gemu ya Over the Edge, na mle ile orodha ya uwezo sita imetupwa nje kabisa. Unachagua sifa kuu moja inayosema mhusika ni nani au anafanya nini, sifa mbili za pembeni, na kasoro moja, zote kwa maneno yako mwenyewe, hakuna wa kukukatalia ukitaka kuwa mpiga zeze mstaafu anayeongea na popo. Lakini kitu nilichokipenda mle ni kidogo na watu wanakiruka: kila sifa inatakiwa iwe na alama inayoonekana kwa nje. Umesema ni mpiganaji, sawa, mtu akikutana naye anaona nini? Vidole vilivyovunjika vikaunga vibaya? Hakai sehemu ambayo mlango uko nyuma yake? Bila ile alama sifa inabaki kichwani mwako, na sisi wengine hatuishi kichwani mwako.

Halafu mwaka 2000 ikaja Hero Wars, ambayo 2003 ikarudi kwa jina la HeroQuest, kazi ya Robin Laws kwenye dunia ya Glorantha aliyoibuni Greg Stafford. Hii ndo inayojulikana zaidi kwa njia tunayoiongelea. Unaandika maelezo ya maneno 100 kumhusu mhusika, alafu unachukua kalamu unapigia mstari kila kipande kinachoweza kutumika kwenye mchezo, na kila kipande kinakuwa uwezo wenye namba yake. Ulichoandika ndo ulichonacho. Na zinatakiwa ziwe sentensi, sio unashindilia "upanga, farasi, uchawi, kuogelea, kufungua kufuli" mpaka maneno yaishe, maana kuna wajanja, siku zote kuna wajanja. Kwenye toleo la pili la 2009 uwezo wako mkuu unaanza na 17, mwingine unaanza na 13, kuna pointi chache za kuongezea unapotaka, unarusha dadu ya pande 20 na ukipata namba yako au chini yake umefaulu.

Kuna nyingine ndogo zaidi, The Pool ya James V. West, hiyo inakupa maneno 50 tu na dadu 15. Unachomoa vipande kwenye yale maneno 50, unavinunulia bonasi, bonasi ya moja inakula dadu moja, ya mbili inakula nne, ya tatu inakula tisa, na zinazobaki ndo akiba yako ya kubeti mchezo ukianza. Yani ukikipenda sana kipande kimoja cha mhusika wako unaanza safari na akiba ndogo. Mi naona ni ukatili mzuri ule, kwa sababu unaamua ni kitu gani kuhusu huyu mtu kina thamani kabla hata hujafungua mdomo.

Na kikomo cha maneno kinafanya kazi hiyohiyo. Ukiwa na kurasa huchagui, unaweka kila kitu, na gemu masta hawezi kujua kipi kati ya vyote ulikuwa unakitaka kweli. Sisi tunaoandika Kiswahili tuna upendeleo fulani hapa, kitenzi chetu kimoja kinabeba aliyetenda, wakati, na aliyetendewa, kwa hiyo ukipewa 100 kwa kweli umepewa zaidi ya hapo. Mezani kwangu naweka 60 na sijaona anayepungukiwa.

Sasa tuangalie kwa karibu maana maneno matupu hayatoshi. Hii nimeitunga mwenyewe nisije nikamuaibisha mtu, lakini kila aliyewahi kuendesha gemu ameshakutana nayo:

"Karima ni shujaa mwenye nguvu na akili nyingi. Alizaliwa katika kijiji kidogo, wazazi wake waliuawa na majambazi alipokuwa mtoto. Alilelewa na mzee mwenye hekima aliyemfundisha upanga na uchawi. Ni jasiri, mpole kwa wanyonge, na anachukia dhuluma. Sasa anazunguka ulimwenguni akitafuta haki na kulipiza kisasi."

Mnacheka eeh. Lakini angalieni, hakuna sentensi mbovu pale, ukiipeleka kwa mwalimu wa insha inapata alama. Tatizo ni kwamba mi kama gemu masta nikiisoma sina pa kushika. Wazazi wameshakufa, siwezi kuwatishia wala kuwaleta mlangoni na barua. Majambazi hawana jina, kwa hiyo kila jambazi ni yuleyule na hakuna jambazi ambaye ni yeye. Mzee mwenye hekima yuko wapi, ameoa, anadaiwa, amekasirika? Anazunguka ulimwenguni, maana yake leo akiwa hapa au kule ni sawa tu, hakuna sehemu itakayomuuma ikiungua. Na jasiri... jamani nani amewahi kuandika mhusika muoga? (Naona mkono mmoja kule nyuma, wewe nakuheshimu.)

Sasa huyuhuyu Karima, jina lilelile:

"Karima anavusha watu usiku kwenye mto ambao mfalme ameufunga. Anausoma mto kwa masikio, hahitaji taa. Kaka yake Idi ni askari wa doria kwenye mto huohuo, na mpaka leo anajifanya hamuoni. Mkono wa kushoto wa Karima umeungua, ukimuuliza anabadilisha mada. Hajawahi kumtelekeza abiria katikati ya maji. Mke wa hakimu aliwahi kuvushwa naye, na hataki mtu yeyote ajue."

Hayo ni maneno 56. Tupigie mstari. Kuusoma mto kwa masikio, huo tuufanye uwezo mkuu, 17. Kaka Idi wa doria, 13. Hatelekezi abiria, 13. Siri ya mke wa hakimu, 13. Mkono ulioungua, huo nao 13 na bado hatujui ni wa nini, utajulikana mbele ya safari. Sasa weka usiku, ukungu, mashua ya doria inakuja bila taa. Mchezaji anasema Karima anabana pumzi anasikiliza makasia yako upande gani, anarusha dadu ya pande 20, chochote kuanzia 17 kushuka chini ni chake, kwa hiyo ana nafasi 17 kati ya 20, na hiyo inaonekana ni sawa kabisa kwa mtu ambaye ameandikwa hivyo. Ikishindikana anaweza kupaza sauti amuite Idi kwa jina, ila hapo ni 13, na tena kila mtu mezani anajua akifanya hivyo Idi hawezi kujifanya hamuoni tena, stori inahama kutoka kwenye mto inaenda kwa ndugu wawili. Hakuna aliyepanga hiyo. Ilikuwa imekaa kwenye sentensi ya tatu inasubiri.

Angalia pia ambacho hakipo. Karima hajaandikwa kwamba anajua kupigana. Basi hajui, au anajua kama mimi na wewe tunavyojua. Mchezaji aliyemuandika akiingia kwenye ugomvi atatafuta maji, atatafuta giza, atatafuta jina la mtu wa kumtaja, na hapo ndo anakuwa Karima badala ya kuwa shujaa mwenye upanga namba elfu. Watu wanaogopa sana kuacha vitu nje ya maelezo, eti je tukikutana na dubu? Mkikutana na dubu mtakimbia, na itakuwa sehemu nzuri kuliko zote.

Ile sentensi ya abiria nataka nikae nayo kidogo. Hajawahi kumtelekeza abiria. Inamsaidia, ukijaribu kumhonga amuache mtu atarusha dadu kwa uwezo huo na pengine atashinda. Na hapohapo inamfunga, maana gemu masta mwenye akili atampakia kwenye mtumbwi abiria ambaye inabidi aachwe. Fate, gemu nyingine ambayo toleo lake la kwanza ni la Fred Hicks na Rob Donoghue mwaka 2003, imejengwa juu ya hilo jambo. Mhusika wa Fate ana vifungu vifupi vya maneno, kifungu kikikusaidia unalipa pointi moja unaongeza 2 kwenye dadu zako au unarusha upya, kifungu kikikuletea shida gemu masta ndo anakupa pointi. Kwa hiyo kifungu cha upande mmoja, "mlenga shabaha bora kuliko wote", kinakula pointi zako na hakileti kitu. "Hakosi shabaha akiwa na hasira" hicho kinaingiza na kutoa. Hata kama hamchezi Fate kipimo hicho kichukueni, kila kipande cha maelezo jiulize kitaniumiza siku gani, na kama jibu ni hakuna siku basi kifute uandike kingine.

Kipimo kingine cha haraka, hesabu vitenzi. Vyenye "ali" viwe vichache kuliko vyenye "ana". Yaliyopita yaruhusiwe kuingia kama bado yanadai kitu leo, kama yule mke wa hakimu, alivushwa zamani lakini woga wake ni wa leo. Ukiona maelezo yako ni alizaliwa, alilelewa, alifundishwa, aliondoka, umeandika wasifu wa marehemu.

Na siri. Hii inanikera kwa kweli. "Ana siri kubwa ambayo hakuna anayeijua." Hata gemu masta? Hata we mwenyewe, mara nyingi, maana nikikubana pembeni unaniambia bado sijaamua. Kuacha nafasi wazi ni sawa, ule mkono ulioungua ni nafasi wazi, lakini una kitu cha kuonekana na watu wanaweza kuuliza. Siri isiyo na alama yoyote kwa nje haimsaidii mtu, mnaweza mkacheza mwaka mzima ikabaki kwenye karatasi. Mi nashauri hivi na najua wengine mtabisha: siri iandike kabisa, wenzako waisome, wahusika wao ndo wasijue. Mchezaji anayejua siri ya mhusika wako atakusogezea mtego kwa makusudi, na atafurahia kuusogeza.

Ugomvi mkubwa wa njia hii ni upana. Mmoja anaandika "bingwa wa mapigano", mwingine anaandika "anapigana vizuri kwenye ngazi nyembamba". Wote wana 13. Si uonevu huo? Ni uonevu, kama meza itaachia. Inabidi mkubaliane mapema kwamba aliyejibana analipwa, kwamba mkiwa kwenye ngazi nyembamba yule wa ngazi anapewa nyongeza na bingwa wa mapigano anarusha kama alivyo, au bingwa anakatwa kidogo kila mahali kwa sababu ameshika kila mahali. Mkiongea hayo dakika tano kabla ya kuanza hakuna atakayenuna. Msipoongea mtanuniana kikao cha tatu, katikati ya vita, saa ambayo hakuna anayetaka kusikia hoja za mwenzake.

Kuna aliyeuliza kwenye kikaratasi hapa, "mimi napenda kuandika historia ndefu, kurasa kumi, je ni vibaya?" Wala. Ziandike, zina raha yake, zinakusaidia we kumsikia sauti yake. Ila usitupe sisi tuzisome. Ukimaliza zile kumi chomoa maneno 60 ulete mezani, na yale mengine utayatoa mwenyewe mdomoni mwa mhusika pale yatakapotakiwa. Na ujiandae, kuna mwenzako atasema kitu kimoja kikao cha kwanza kitakachopingana na ukurasa wa saba, na ukurasa wa saba ndo utakaofutwa.

Nilitaka nisahau kuhusu majina ya wenzako. Kwenye Fate Core ya 2013 kutengeneza mhusika kunaenda hivi: unaandika kwanza wewe ni nani na shida yako ni nini, alafu kisa kifupi cha mhusika wako, alafu mnabadilishana na mhusika wako anaingia kwenye kisa cha mtu mwingine, kisha kwenye cha mwingine tena, na kila hatua inakuachia kifungu kimoja. Mpaka mnaanza kucheza kila mtu ana vifungu vitano, na viwili kati ya hivyo vimetoka kwenye stori za wenzake. Ni kitu kidogo ila kinaua lile tatizo sugu la kikao cha kwanza, wageni watano wanakutana sehemu hawajuani na hawana sababu ya kwenda pamoja popote. Hata mkiwa mnacheza gemu nyingine kabisa ongezeni sheria moja, sentensi moja kati ya zako lazima imtaje mhusika wa mwenzako, naye akubali. Mtu mmoja kati ya wale Karima aliowavusha, mbona asiwe mhusika wako?

Dungeons & Dragons yenyewe, toleo la 2014, imeweka sehemu nne za maneno kwenye karatasi ya mhusika: tabia, imani, kifungo (yani mtu au kitu kinachomfunga) na udhaifu, na unaweza kuvichagua kwa kurusha dadu kwenye jedwali ukiwa huna wazo. Ni hatua, sikatai. Ila namba zikiwa nyingi juu na zile sentensi nne zimekaa pembeni, watu wanazijaza siku ya kwanza na hawaziangalii tena. Mkiwa mnacheza hiyo basi gemu masta azinakili kwenye daftari lake, na akiwa anapanga kikao aanze na kifungo cha mtu mmoja badala ya kuanza na zimwi.

Sio kila gemu inahitaji haya. Mkiingia pangoni kwenye mchezo ambao wahusika wanakufa kila baada ya nusu saa, maneno 56 ni mengi mno, andika mstari mmoja, "mchimba makaburi, anachungulia kila kisanduku", shuka naye, akifa chukua mwingine. Akifika kikao cha tatu yuko hai ndo umuongezee. Na kama meza yenu haijaaminiana bado, kuna mtu anabishana kila dadu, anzeni na gemu yenye namba za wazi na sheria ndefu. Njia ya maneno inataka watu wanaoweza kusema "haya, hiyo imeingia" bila kufungua kitabu.

La mwisho kabla hatujaenda kwenye kuandika. Karatasi ikae mezani muda wote, na kila kikao kikiisha kila mtu aangalie yake: kipande kipi hakijaguswa na mtu yeyote? Kikipita vikao viwili vitatu bila kuguswa kifute, weka kile kilichotokea mkiwa mnacheza. Karima akishamuita Idi kwa jina mbele ya doria, "anajifanya hamuoni" sio kweli tena. Andika Idi sasa ni nani kwake.

Haya, karatasi ziko pale kwa dada aliyevaa kijani, kalamu zipo ila hazitoshi, azimaneni. Maneno 60, angalau jina moja la mtu aliye hai, angalau alama moja inayoonekana. Ukimaliza usipigie mstari wewe, mpe aliyekaa kushoto kwako apige yeye. Na akipiga mstari sehemu ambayo hukuitegemea usibishane naye.